Mnazi Usiopinda: Jinsi ya Kutengeneza Bango la Kejeli kwa Kanuni za Kompyuta

Mnara wa simu uliovalishwa makuti ya plastiki una kasoro moja: umenyooka mno. Mnazi wa kweli huinama. Kusi imeusukuma, jua limeuvuta, mkwezi ameutoboa vidato, na kuti moja lililokauka linaning'inia likisubiri kichwa cha mtu. Mnara hauna historia hiyo. Makuti yake yanalingana, hayakauki, hakuna awezaye kuyasuka akaezekea banda, na ukikaa chini yake mwaka mzima hutaangukiwa hata na kidaka. Minara ya namna hii ilianza kusimamishwa Marekani na Afrika Kusini katika miaka ya 1990 ili chuma kisiharibu mandhari. Yaani mti ulipisha chuma, kisha watu wakaona haya, wakakivisha chuma nguo za mti.

Kichekesho hicho kimekamilika chenyewe, hakihitaji mchoraji wa kukiongezea chumvi. Kinahitaji mtu wa kukipanga kionekane. Katika mwongozo huu tutakipanga kwenye bango la A3 kwa programu ya bure, bila kuchora hata mstari mmoja kwa mkono. Bango litakuwa na umbo la kanga, kwa sababu nitakazoeleza.

Kinachofanyika hasa

Usanifu zalishi ni kazi ya kuandika kanuni badala ya kuchora picha. Huichori minazi arobaini. Unaandika namna mnazi unavyochorwa, ni sehemu gani zinaruhusiwa kubadilika na kwa kiasi gani, kisha kompyuta inaichora yote arobaini. Ukibadilisha namba moja, shamba zima linabadilika.

Fani hii si changa. Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kompyuta mwaka 1968. Kazi zake nyingi ni miraba iliyopangwa sawasawa kisha ikavurugwa kidogo, na utamu wote uko katika hicho kidogo. Mwaka huohuo 1968, mwanabiolojia Aristid Lindenmayer alichapisha mfumo wa alama unaoeleza jinsi mimea inavyojigawa na kukua, na hadi leo miti mingi ya kompyuta huoteshwa kwa mfumo wake. Na mwaka huohuo, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alikuwa anaanza kuchora wanyama wake. Hawakujuana, wala sidai kuna uhusiano. Ila ukitazama mchoro wa Tingatinga, madoa ya chui yanayorudiwa na kila doa likiwa na utundu wake, utaona kwamba kurudia-na-kubadili si jambo tulilojifunza kwenye kompyuta.

Nitofautishe mapema: hapa sizungumzii kuiandikia akili mnemba "nichoree mnazi wenye antena" ukasubiri. Unaweza kufanya hivyo, na utapata picha inayong'aa. Lakini picha hiyo itachekesha kwa sababu ya kitu kilichochorwa tu, na mtu akishaiona mara moja basi. Mimi nataka bango ambalo kejeli yake imo katika *namna* lilivyotengenezwa. Kama ukiondoa kanuni na utani ukabaki uleule, hukuihitaji kanuni. Ungetumia kalamu ukamaliza mapema.

Anza na sentensi ya "kadiri"

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi uandike kinaya chako kwa sentensi moja yenye "kadiri... ndivyo...". Kiswahili kimetupa hapa chombo ambacho waandishi wa programu wanakitafuta kila siku: "kadiri" ndiyo namba utakayoibadilisha, na "ndivyo" ndicho kitakachotokea kwenye picha.

Yetu ni hii: *kadiri mnazi unavyokuwa wa uongo, ndivyo unavyozidi kunyooka.*

Humo tayari kuna programu nzima. Kuna kibadilika kimoja, tukiite `uongo`, kinachotoka 0 hadi 1. Uongo ukiwa 0, mnazi una fujo zote za maumbile: umeinama, makuti yana urefu tofauti, una nazi. Uongo ukifika 1, fujo zote zimekufa, mti umesimama kama askari wa gwaride, na mahali pa nazi pana antena. Mtazamaji hatasoma msimbo wako (maandishi ya programu), lakini jicho lake litaona kwamba upande mmoja wa bango kuna uhai na upande wa pili kuna nakala, hata kabla hajatambua kuwa zile ni antena.

Jaribu sentensi zako mwenyewe. "Teknolojia inaharibu mazingira" haifai, kwa kuwa haina kadiri wala ndivyo. Hayo ni malalamiko. "Kadiri simu inavyokuwa nyembamba, ndivyo shimo lilikotoka madini yake linavyozidi kuwa pana" inafaa sana. Ukikwama, tafuta kitu ambacho matangazo yanakisifu, kisha ujiulize nani analipia sifa hiyo.

Jambo jingine la kuamua hapa hapa ni nani anachekwa. Katika bango letu anachekwa mnara na uongo wake. Hachekwi mvuvi anayetafuta mtandao ufukweni, kwa sababu yeye anahitaji kumpigia mteja kabla samaki hawajaharibika. Kejeli ikimwangukia aliye chini, inakuwa masimango.

Kwa nini kanga

Kanga ina kanuni zake tayari. Kuna *pindo* linalozunguka pande zote, kuna *mji* katikati, na kuna *jina*, ule mstari wa maneno ndani ya mji upande wa chini, kwa kawaida herufi kubwa tupu bila nukta. Rangi ni chache. Hii ni sarufi, na kompyuta hupenda sarufi.

Kuna faida ya pili, na kwangu ndiyo kubwa. Msomaji wa Kiswahili ameshafundishwa kusoma kanga kwa mafumbo. Akiona pindo na jina, anajua papo hapo kwamba maneno yale yamelengwa kwa mtu na kwamba hayasemi kinachoonekana kusemwa. Vibonzo vya magazetini, kama vya Gado au Masoud Kipanya, vinajengwa juu ya sura na matukio ya wiki. Kanga haihitaji sura ya mtu yeyote, inarusha neno hewani na mwenye lake analidaka.

Vifaa

Tutatumia p5.js, maktaba huria (mkusanyiko wa amri za kuchorea ulio wazi kwa wote) iliyoanzishwa na Lauren McCarthy, iliyozaliwa kutokana na Processing, programu ya kuchora kwa msimbo ya Casey Reas na Ben Fry ya mwaka 2001. Huhitaji kusakinisha chochote: fungua editor.p5js.org kwenye kivinjari, futa kilichoandikwa, anza. Kompyuta ya zamani inatosha. Simu pia inaweza, ila kuandika mabano yale kwa kidole gumba ni adhabu, na nusu ya makosa yako yatakuwa ya herufi. Sajili akaunti ya bure kama unataka kuhifadhi kazi.

Majina ya amri ni ya lugha ya programu, hayo huyabadilishi. Majina ya vibadilika ni yako. Mimi huviita kwa Kiswahili, kwa sababu nikirudi baada ya miezi mitatu `fujo` inaniambia kitu.

Mji: shamba la minazi

Turubai letu ni pikseli 1200 kwa 848, uwiano wa A3 iliyolazwa. Tunaacha 100 kila upande kwa ajili ya pindo, na ndani tunapanda mistari minne ya minazi kumi kumi.

```
let mbegu = 11;

function setup() {
  pixelDensity(1);
  createCanvas(1200, 848);
  noLoop();
}

function draw() {
  randomSeed(mbegu);
  background(246, 236, 214);
  for (let mstari = 0; mstari < 4; mstari++) {
    for (let safu = 0; safu < 10; safu++) {
      let uongo = safu / 9;
      mnazi(150 + safu * 100, 235 + mstari * 140, uongo);
    }
  }
  pindo();
  jina();
}

function mnazi(x, y, uongo) {
  let fujo = 1 - uongo;
  let kimo = 80 + random(-20, 20) * fujo;
  push();
  translate(x, y);
  rotate(random(-0.25, 0.25) * fujo);
  noFill();
  stroke(20, 60, 50);
  strokeWeight(5);
  line(0, 0, 0, -kimo);
  translate(0, -kimo);
  strokeWeight(3);
  for (let i = 0; i < 9; i++) {
    let pembe = map(i, 0, 8, -PI, 0) + random(-0.2, 0.2) * fujo;
    let urefu = 38 + random(-12, 8) * fujo;
    let mx = cos(pembe) * urefu;
    let my = sin(pembe) * urefu * 0.6;
    bezier(0, 0, mx * 0.4, my - 8, mx * 0.8, my - 8, mx, my + 14);
  }
  noStroke();
  fill(200, 50, 30);
  if (random() < uongo) {
    for (let k = -1; k <= 1; k++) rect(k * 11 - 3, -2, 6, 24);
  } else {
    circle(-6, 4, 10);
    circle(6, 6, 10);
  }
  pop();
}
```

Tusimame hapa, maana huu ndio moyo wa kazi. Tazama `fujo`. Kila mahali penye `random`, amri ya nasibu inayotoa namba ya bahati, yaani kimo, mwinamo, pembe ya kuti, urefu wake, matokeo yanazidishwa kwa fujo. Safu ya kwanza kushoto ina fujo 1, kwa hiyo nasibu inafanya itakavyo. Safu ya kumi ina fujo 0, na chochote kikizidishwa kwa sifuri ni sifuri: minazi minne ya mwisho inafanana kama noti mpya. Sikuandika popote "chora mnara." Mnara umejitokeza wenyewe baada ya maumbile kunyimwa nafasi.

Mstari wa `if (random() < uongo)` ndio unaoamua nazi au antena. Safu ya kushoto kabisa haipati antena kamwe, ya kulia haipati nazi kamwe, na katikati ni pata potea. Hapo katikati ndipo penye raha. Utaona mnazi uliopinda vizuri umebeba antena, na jirani yake ulionyooka bado una nazi mbili, kama mzee aliyekataa kuuza kiwanja. Sikupanga hilo, limeletwa na nasibu, na kila mbegu italileta mahali tofauti.

Kumbuka pia `randomSeed(mbegu)`. Bila mstari huo, kila ukiendesha programu utapata shamba jipya na lile zuri uliloliona jana halirudi tena. Ukiwa nao, mbegu 11 huzaa shamba lilelile leo na kesho.

Programu haitakwenda mpaka uongeze vipande vya pindo na jina vilivyo hapa chini. Ukishaviongeza na ukitaka kucheza, cheza na namba 0.25 kwenye mwinamo. Ukiifikisha 0.6 minazi itaonekana imepigwa na kimbunga, na hiyo ni habari nyingine.

Pindo

Pindo la kanga hurudia ua, korosho, au umbo la jometri. Sisi tutarudia ile ngazi ndogo ya vijiti vinne juu ya kioo cha simu, inayokuonyesha kama mtandao upo. Na kwa kuwa sote tunaishi duniani, si kila ngazi itakuwa imejaa.

```
function pindo() {
  noStroke();
  fill(20, 60, 50);
  rect(0, 0, 1200, 100);
  rect(0, 748, 1200, 100);
  rect(0, 0, 100, 848);
  rect(1100, 0, 100, 848);
  for (let x = 50; x < 1200; x += 100) {
    ngazi(x, 50);
    ngazi(x, 798);
  }
  for (let y = 154; y < 748; y += 108) {
    ngazi(50, y);
    ngazi(1150, y);
  }
}

function ngazi(x, y) {
  let vilivyojaa = floor(random(1, 5));
  for (let k = 0; k < 4; k++) {
    if (k < vilivyojaa) fill(246, 236, 214);
    else fill(45, 95, 80);
    let h = (k + 1) * 10;
    rect(x - 22 + k * 12, y + 20 - h, 8, h);
  }
}
```

Pindo linachorwa baada ya minazi kwa makusudi. Mnazi wa kushoto ukiinama sana utatoa kuti nje ya mji, na pindo litalifunika.

Jina

Hapa ndipo mabango mengi hufa. Mtu anahangaika na msimbo wiki nzima, kisha anaandika juu yake "TULINDE MAZINGIRA YETU". Hilo ni jina la semina.

Jina la kanga ni fupi, lina mizani, na linaacha nusu ya maneno mdomoni. Langu ni NAZI HATUNA BANDO TUNALO. Lina sehemu mbili zinazopingana, na msomaji ndiye anayeweka alama ya mkato kichwani mwake. Nililipata kwa kuiachia kompyuta ichanganye, lakini kwanza nikaadhibiwa na upatanisho wa kisarufi, na nakuonya kabla hujapita njia hiyo.

"Hatuna" haibadiliki: nazi hatuna, kivuli hatuna, mvua hatuna. Upande wa pili ngeli inataka haki yake. Bando tuna*lo*, mtandao tuna*o*, chaji tuna*yo*, kisimbuzi tuna*cho*, vocha tuna*zo*. Ukiweka nomino kwenye orodha moja na kitenzi kwenye orodha nyingine, kompyuta itakutolea "mtandao tunacho", na bango lako litachekwa kwa sababu isiyo yake. Kwa hiyo unafunga nomino na kitenzi chake pamoja:

```
let hatuna = ['NAZI', 'KIVULI', 'SAMAKI', 'MVUA'];
let tuna = [['BANDO', 'TUNALO'], ['MTANDAO', 'TUNAO'],
            ['CHAJI', 'TUNAYO'], ['KISIMBUZI', 'TUNACHO'],
            ['VOCHA', 'TUNAZO']];

for (let h of hatuna) {
  for (let t of tuna) console.log(h + ' HATUNA ' + t[0] + ' ' + t[1]);
}
```

Endesha kipande hiki peke yake na utapata majina ishirini. Yasome kwa sauti. Mengi yatalala. MVUA HATUNA KISIMBUZI TUNACHO linachekesha kwa muda mfupi, halafu unagundua silabi zake zimejaa kama daladala ya jioni. Kompyuta izalishe, sikio lichague. Sijawahi kuona programu yenye sikio la kanga.

Ukishachagua:

```
function jina() {
  fill(246, 236, 214);
  rect(100, 668, 1000, 80);
  fill(200, 50, 30);
  textAlign(CENTER, CENTER);
  textFont('sans-serif');
  textStyle(BOLD);
  textSize(44);
  text('NAZI HATUNA BANDO TUNALO', 600, 708);
  textSize(10);
  text('MBEGU ' + mbegu, 1060, 738);
}
```

Yale maandishi madogo ya mbegu ni heshima yangu kwa kanga za Mombasa zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Kanga huwa na chapa ya mwenyewe. Bango letu lina namba ya mbegu iliyolizaa, na mtu akiwa na msimbo anaweza kulizaa upya.

Kuchagua mbegu

Ongeza hiki mwishoni:

```
function keyPressed() {
  if (key === 's') saveCanvas('nazi-' + mbegu, 'png');
  else {
    mbegu++;
    redraw();
  }
}
```

Bofya kwanza juu ya picha, kisha bonyeza kitufe chochote: shamba jipya. Bonyeza s kuhifadhi, na jina la faili litabeba mbegu. Pitia angalau mbegu hamsini kabla hujaipenda hata moja, kwa sababu mbegu ya tatu huonekana nzuri kwa kuwa ni ya tatu tu. Mimi natafuta vitu viwili: mti mmoja wa katikati unaokaidi, na antena ya kwanza inayotokea mbali upande wa kushoto, mahali ambapo jicho halijaitarajia.

Kisha mwonyeshe mtu asiyejua unachofanya. Hatua hii niliiruka mara ya kwanza. Toleo langu la mwanzo lilikuwa na jina kubwa juu kabisa, minazi ya kushoto ilikuwa imenyooka karibu sawa na ya kulia, na nyekundu ilikuwa imetapakaa kote. Nikalibandika ukutani kwenye kibanda cha chakula mtaani kwetu. Mama mmoja muuza samaki akalitazama kwa makini, akaniuliza: "Mwanangu, ofa hii mwisho lini?"

Nilicheka, lakini alikuwa amenipa uhakiki kamili. Bango langu la kejeli dhidi ya matangazo lilikuwa tangazo. Tofauti ya kushoto na kulia ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo nikaongeza mwinamo hadi 0.25. Jina lililokuwa juu lilisomeka kama kaulimbiu ya kampuni, kwa hiyo nikalishusha mahali pake pa kanga. Nyekundu nikaiachia nazi, antena na jina peke yake. Niliporudi na toleo la pili, mama yule alinyamaza, akaelekeza kidole kwenye mti mmoja, akasema, "Huu ndio wangu." Ulikuwa wenye nazi.

Kuchapa

Ukiridhika, badilisha `pixelDensity(1)` iwe 4. Picha itatoka na pikseli 4800 kwa 3392, karibu 290 kwa kila inchi kwenye A3, na hiyo inatosha kwa duka lolote la uchapishaji. Usifanye kazi yote katika 4; kompyuta dhaifu itaugulia.

Rangi za kwenye kioo hazitoki vilevile kwenye karatasi. Kijani chetu cheusi huwa cheusi zaidi, na mashine iliyochoka hugeuza nyekundu kuwa rangi ya tofali. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuagiza hamsini, uitazame nje juani, si chini ya taa ya dukani. Mashine za kawaida huacha ukingo mweupe kuzunguka karatasi. Ukitaka pindo lifike ukingoni, mwambie fundi achape kwenye karatasi kubwa kidogo kisha akate, na umwongezee pindo milimita 3 kila upande ili kisu kiwe na pa kupotelea.

Watakushawishi uchape kwenye turubai la plastiki kwa kuwa halilowi. Bango la kuusuta mnazi wa plastiki, juu ya plastiki: amua mwenyewe kama hicho ni kinaya cha ziada au ni aibu. Mimi nachapa karatasi, ikilowa nachapa nyingine.

Kwa mitandaoni usikate bango la A3 liingie kwenye umbo la wima. Pindo litakatika na kanga itakuwa kitambaa. Badilisha vipimo vya turubai na idadi ya safu, uache kanuni ipange upya. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na msimbo badala ya picha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, vinginevyo itabanwa na vijiti vya pindo vitageuka ukungu.

Na kuhusu sheria: usitumie nembo ya kampuni yoyote, wala mchanganyiko wa rangi ambao kila mtu mtaani anaujua ni wa mtandao fulani, wala usifanye bango lionekane kama taarifa rasmi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zilitungwa zikiwa na vifungu juu ya kuchapisha taarifa za uongo. Lile swali la "ofa mwisho lini" lina upande wake wa kisheria.

Kadiri nyingine mbili

Kanuni hiyohiyo ya fujo inabeba habari nyingine. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikalegea Tanzania na nchi nyingine za kanda. Mamilioni ya watu waligundua siku moja kwamba "wingu" lao ni waya ulio chini ya bahari. Hapa tumia `noise`, nasibu laini aliyoibuni Ken Perlin, ambayo badala ya kurukaruka hutiririka. Chora mistari mia ya mkondo inayopinda kwa `noise`, kisha katikati yake pitisha mstari mmoja mnyoofu: waya. Kadiri mistari ya mkondo inavyoukaribia waya, ndivyo inavyoacha kupinda, isipokuwa mahali pamoja ambapo waya umekatika na maji yanapita yakicheza. Kwenye pindo weka pweza.

Ya pili ni ngumu zaidi, kwa kichwa na kwa roho. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kama asilimia 70, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi, mkoani Lualaba, na nyingi huishia kwenye betri za simu na za magari ya umeme yanayouzwa kwa jina la hewa safi. Sentensi yake ni: *kila jani juu, shimo chini.* Otesha mti kwa mfumo wa Lindenmayer, ambao ni kubadilisha herufi tu: kila F igeuke F[+F]F[-F]F, rudia mara tatu au nne, kisha isome herufi kwa herufi ukichora tawi kwa kila F, ukipinda kwa kila + au -, ukikumbuka ulipo kwa kila [ na kurudi hapo kwa kila ]. Kila tawi likiishia kwenye jani, programu ichore duara jeusi chini ya mstari wa ardhi, umbali uleule. Usiyaweke mashimo kwa mkono, yahesabiwe na mti wenyewe. Ukirudia mara tatu, bango linapendeza. Ukirudia mara nne, mti unastawi vizuri sana na ardhi haionekani tena.

Jina la bango hilo ni HEWA SAFI KWAKO SHIMO KWANGU. Nimejaribu kulichapa kwa rangi tatu kama lile la minazi, nikaishia kuacha mbili tu, kijani na nyeusi, na pindo nikaliacha tupu.